Casablanca: ukuta umehamia darasani

Ukitajwa urithi wa Mfaransa nchini Moroko, watu hukimbilia majengo meupe ya katikati ya Casablanca. Hayo ni mapambo. Kazi yenyewe ilifanyika kwenye ramani, kisha shuleni.

Lyautey, mkuu wa kwanza wa utawala wa Ufaransa tangu 1912, alimleta mpangaji miji Henri Prost mwaka 1914. Amri ilikuwa moja: madina ya zamani, yaani mji wa kale wa wenyeji ulio ndani ya kuta, isiguswe, mji wa Wazungu ujengwe kando. Huko Fez ulijengwa mbali kabisa na kuta za kale. Kwa maneno, mpango huo ulikuwa wa kuheshimu mila za wenyeji. Kwa vitendo, barabara pana na mifereji mipya vilielekezwa upande mmoja, na madina isiyoruhusiwa kutanuka ikafurika watu. Mtu wa Dar es Salaam hahitaji maelezo marefu: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukitenganisha.

Kwenye ramani hizo vibarua hawakuwekewa nafasi ya kutosha. Waliotoka vijijini kufuata kazi za bandari na viwanda walijibanza penye machimbo ya mawe, mahali palipoitwa Carrières Centrales. Kutokana na jina hilo Wamoroko wakapata neno "karyan", na hadi leo ndivyo wanavyouita mtaa wa mabanda. Mpangaji wa baadaye, Michel Écochard, aliyeshika kazi 1946 hadi 1952, aliwakatia viwanja vya mita 8 kwa 8: vyumba vichache na ua wa ndani, bila ghorofa. Mita za mraba 64 ndizo zilizohesabiwa kumtosha "Mwislamu". Watoto wakakua, wakaoa, wakapandisha ghorofa ya pili, ya tatu. Ua uliokuwa unaleta hewa na mwanga ukafunikwa, chumba cha chini kikawa giza mchana. Wasanifu wanaozuru Hay Mohammadi, kama mtaa unavyoitwa sasa, husikitika kwamba wakazi wameharibu kazi ya bwana mkubwa. Kosa lilikuwa kwenye kipimo chake.

Uhuru ulipokuja 1956, majumba ya Anfa, mtaa wa matajiri wa Casablanca, yalianza kupata wenyewe wapya, Wamoroko. Hapo mpaka wa rangi ya ngozi ukalegea, wa lugha ukakaza. Misingi yake ilikuwepo tayari: Wafaransa walifungua shule za "watoto wa mashuhuri", na za mtoto wa fundi zikawa za kumfunza kazi za mikono. Mhitimu wa zile za kwanza ndiye aliyejua kuandika barua ya ofisini kwa Kifaransa.

Serikali ikaamua kufundisha kwa Kiarabu, na mwishoni mwa miaka ya 1980 hata hesabu na sayansi za sekondari zilikuwa zimegeuzwa. Sayansi za chuo kikuu hazikuguswa, zikabaki kwa Kifaransa. Huu, kwa maoni yangu, ndio uamuzi uliowaumiza maskini kuliko wowote. Mwanafunzi aliyejifunza hesabu kwa maneno ya Kiarabu, "dalla" na "nihaya", aliingia ukumbini na kukuta yaleyale kwa Kifaransa, "fonction" na "limite". Hesabu aliijua, kilichomshinda ni swali. Mwenzake aliyesoma shule ya mtaala wa Ufaransa, kwa ada ambayo fundi wa Hay Mohammadi haiwezi, hakuwahi kubadilisha neno hata moja.

Sheria namba 51-17 ya mwaka 2019 imefungua mlango wa kurudisha sayansi kwenye lugha za kigeni, hasa Kifaransa. Waliopinga walidai ni kujisalimisha kwa mkoloni. Mimi pingamizi langu ni la darasani: mwalimu anaeleza kwa Darija, Kiarabu cha kila siku cha Moroko, ili aeleweke, anaandika ubaoni kwa Kifaransa, na mtihani unasahihishwa kwa Kifaransa. Pengo la kati ya mdomo wake na ubao linazibwa na masomo ya ziada ya jioni, na hayo yanalipiwa.