Muziki Unahitaji Mwalimu Asiyehama

Tunapoorodhesha huduma ya masista hapa magharibi mwa Kenya, huanza na hospitali, tukaendelea na shule za wasichana, na muziki tukautaja mwishoni kana kwamba ulikuwa pambo la Misa ya Jumapili. Kwa sista Mbenediktini aliyetoa maisha yake kufundisha muziki, mpangilio huo unapotosha, kwa kuwa kwake kuimba ndiyo kazi ya kwanza ya siku, na ualimu wake unachipuka kutoka katika kuimba huko.

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo Wabenediktini huishi kwayo na iliyoandikwa Italia katika karne ya 6, imetenga sura ya 8 hadi ya 20 kwa sala ya pamoja. Humo anaagiza zaburi zote 150 zisaliwe kila juma, ingawa jumuiya nyingi leo huzigawa kwa majuma zaidi, na katika sura ya 19 anataka moyo wa mtawa upatane na sauti yake anapoimba. Halafu ipo sura ya 58, ambayo ndiyo hasa ninayotaka kuizungumzia: mtawa huahidi utii, huahidi kuishi mwenendo wa kitawa, na huahidi kudumu katika jumuiya yake. Ahadi hiyo ya kudumu, kwa maoni yangu, ndiyo siri ya muziki wa Wabenediktini, na ndiyo kitu ambacho shule zetu zimekosa.

Mfikirieni Mtakatifu Hildegard wa Bingen, mtawa Mbenediktini aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1098. Alikabidhiwa kwa mtawa aitwaye Jutta akiwa bado mtoto, naye Jutta akamfundisha kuimba zaburi. Alipokuja kuwa mkuu wa jumuiya, aliwatungia masista wake mwenyewe nyimbo zaidi ya 70, pamoja na igizo zima la kuimbwa. Mwaka 1178, wakuu wa Kanisa wa Mainz waliwakataza masista hao kuimba sala zao, kwa sababu Hildegard alikuwa amekataa kufukua mwili wa mtu aliyezikwa kwao ambaye wakuu hao walimhesabu kuwa ametengwa na Kanisa. Mama huyu wa miaka 80 hivi aliwaandikia barua ndefu kuutetea muziki, akieleza kwamba roho ya mwanadamu yenyewe imeumbwa kwa ulinganifu wa sauti. Marufuku iliondolewa mwaka 1179, miezi michache kabla ya kifo chake. Mwaka 2012 Papa Benedikto wa 16 alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa, heshima wanayopewa watakatifu wachache kwa mafundisho yao, na mimi hufurahi kila ninapokumbuka kwamba miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa mwalimu huyo walikuwamo wanakwaya wake.

Masista Wabenediktini Wamisionari wa Tutzing, ambao hapa Kenya wamefanya kazi hata Chesongoch katika Bonde la Kerio, hutumwa mbali na nyumbani, lakini hata wao wakifika mahali hujenga kwa kudumu. Huko Manila, Ufilipino, walifungua shule ya Mtakatifu Skolastika mwaka 1906, na mwaka uliofuata Sista Baptista Battig, mpiga piano aliyefunzwa na Ludwig Deppe wa Ujerumani, akaanzisha mafunzo ya muziki. Zaidi ya karne moja baadaye, muziki bado unafundishwa pale.

Nami nayatazama haya nikiwa Kisumu, na swali langu linahusu madarasa yetu. Yeyote aliyewahi kuongoza kwaya ya wanafunzi anajua jinsi kazi hii ilivyo ya polepole. Mwaka wa kwanza watoto wanaimba kwa kumfuata jirani. Baadaye wanaanza kuisoma solfa, yaani noti za do, re, mi, kwa macho, na ndipo sauti za wavulana zinapovunjika na mpangilio wote wa kwaya kulazimika kuanza upya. Mwalimu anayeyajua masikio ya kila mtoto huvuka kipindi hicho. Anayefika leo na kuhamishwa kesho hawezi, hata awe na kipaji namna gani. Huishia kukaririsha wimbo mmoja wa tamasha la muziki, na tamasha likiisha, elimu nayo imeisha. Sera ya mwaka 2018 ya kuwapeleka walimu mbali na makwao ilikuwa na sababu zake, ila naamini haikumfikiria mwalimu wa muziki.

Ala zetu nazo zinadai hivyo hivyo. Nyuzi nane za nyatiti, ala ya Waluo, hazifundishwi kwa semina ya siku mbili, na ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kuwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, imeishi kwa sababu wazee walikaa na vijana wao miaka mingi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, katika hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, uliwataka wamisionari wajifunze kuukuza muziki wa asili wa watu shuleni na katika ibada. Agizo hilo haliwezi kutimizwa na mgeni apitaye.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia shule za upili za juu, na muziki ni sehemu ya mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Ombi langu kwa wakuu na bodi za shule za Kisumu, Kakamega na Nakuru zinazotaka kuufundisha ni kwamba mwalimu wa muziki asiondolewe kabla ya kundi alilolipokea Gredi ya 10 kumaliza Gredi ya 12. Na pale ambapo bado yupo sista mzee anayefundisha kwaya, apewe sasa, angali na nguvu, mwalimu kijana wa kukaa kando yake kila kipindi, na madaftari yake ya solfa yapigwe picha na kuhifadhiwa katika maktaba ya shule.