Mahindi Yapo, Hela ya Kusagia Haipo

Nyanda za Juu Kusini hatuna shida ya chakula kuwepo. Mbozi kuna mahindi, Usangu mpunga, Umalila viazi, Rungwe ndizi na maparachichi, Kyela dagaa. Ndiyo maana mtaa ukiamua kuwapikia wazee wake bure, kitu cha kwanza kuletwa ni gunia. Linapokelewa, picha zinapigwa, mwenyekiti anashukuru. Ikifika Februari jiko limezimika na mahindi bado yamejaa stoo. Kwa maoni yangu majiko haya hayafi kwa kukosa nafaka. Yanakufa kwa kukosa fedha taslimu ya vile vitu ambavyo hakuna anayepiga navyo picha: kusaga, mafuta ya kula, gesi, dagaa, posho ya wapishi.

Tupige hesabu. Wazee 40, mara mbili kwa wiki, wiki 50 za mwaka, ni sahani 4,000. Unga wa dona gramu 150 kwa sahani unakuwa kilo 600, yaani mahindi kama kilo 650 ukiweka na yatakayopotea kwenye kupepeta na kusaga. Sado moja iliyojaa ina kilo tatu na ushee. Kaya 200 zikitoa sado moja moja mwezi Julai, mahindi ya mwaka mzima yamekwisha patikana. Siku ya maharage weka gramu 70 kavu kwa kila mtu, ambayo ni kilo 140 kwa mwaka. Siku ya dagaa gramu 25, kilo 50. Mafuta lita 40. Mboga za majani zinunuliwe siku ileile ya kupika.

Sasa upande wa fedha. Kaya hizohizo 200 zikiahidi shilingi 1,000 kwa mwezi, kwenye karatasi ni milioni 2.4 kwa mwaka. Anayejua michango ya mtaa atapanga kwa nusu yake, milioni 1.2. Gawa kwa sahani 4,000: shilingi 300 kwa sahani, na hapo ndani unataka dagaa, mafuta, gesi, mashine na wapishi. Haitoshi. Wengi wakifika hapa wanaandika barua ya kuomba mfadhili. Mimi ningepunguza siku kwanza. Mara moja kwa wiki, shilingi 600 kwa sahani, miezi kumi na miwili bila kukatika, ni bora kuliko kupika kila siku kwa miezi mitatu halafu kuwaacha wazee wakiuliza kulikoni.

Miezi ya hatari ni Desemba hadi Machi. Bei ya mahindi sokoni imepanda, akiba ya nyumbani inaisha, njia zimejaa tope, na wapishi waliojitolea kwa moyo wote mwezi wa nane sasa wako shambani wanapalilia au wanafanya vibarua. Huwezi kuwalaumu, nao wana watoto wa kulisha. Posho ya mpishi isiwe mbali na malipo ya kibarua cha siku shambani, na fedha ya miezi hiyo minne itengwe Julai na Agosti, watu wanapouza mazao. Kuanza kuchangisha Januari ni kuchelewa.

Mahindi ya kuchangiwa yana ugonjwa wake: kila kaya inaleta kwa ukavu wake. Debe moja bichi likichanganywa humo linaweza kuharibu gunia zima, na ukungu unaleta sumukuvu, ambayo haiishi kwa kupikwa. Pima wakati wa kupokea. Chukua chupa kavu ya glasi, weka punje za mahindi na chumvi kavu, tikisa dakika kadhaa, acha itulie. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, mahindi yarudi yakaanikwe. Yenye ukungu yakataliwe hapohapo, hata aliyeyaleta akinuna. (Kuna watu hutoa yale ambayo wao wenyewe hawali, eti "ni ya wazee tu".) Yaliyofaulu kipimo yahifadhiwe kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, juu ya chanja, mbali na ukuta.

Msisage yote kwa mpigo. Dona ina kiini chenye mafuta, ikikaa inachacha. Kwa ratiba ya mara mbili kwa wiki, debe moja na nusu kila wiki mbili linatosha.

Jikoni nako kuna gharama inayosahaulika. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Njombe, iliko juu zaidi, hayafiki hata hapo. Maharage yanachukua muda mrefu kuiva na gesi inakwenda. Yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, sufuria lifunikwe vizuri. Nunueni ya msimu huu, maana ya mwaka jana hayaivi upesi. Magadi yanalainisha kweli, lakini yana sodiamu, na nusu ya meza yenu huenda ina presha. Kwa wasio na meno, maharage yapondwe na dagaa watwangwe.

Kisha kuna wajukuu. Njombe, mkoa wenye kiwango kikubwa cha maambukizi ya VVU kuliko mingine, bibi anayelea yatima wawili si habari. Mpe sahani aende nayo nyumbani, itagawanywa mara tatu. Bibi na wajukuu wale palepale jikoni, na hesabu iongezwe sahani kumi za watoto, badala ya kujifanya hamwaoni.

Msipoteze muda kuomba ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: ni mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na mkopo hurudishwa. Fedha za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, anazopokea mzee ni zake, zisiguswe. Bara hakuna pensheni ya wazee wote kama ile ya Zanzibar iliyoanza 2016, kwa hiyo msidhani kila mzee ana cha kuchangia. Marekani, ambako chakula cha pamoja cha wazee kina fungu la serikali kuu tangu 1972, sheria inakataza kumtoza mzee lakini inaruhusu atoe kwa hiari bila watu kujua katoa kiasi gani. Hilo linafaa hapa: kapu mlangoni, mwenye konzi ya maharage aweke, asiandikwe jina.

Kamati za harusi tunaziweza sana, kadi, ahadi na ufuatiliaji wa usiku na mchana. Tumieni mbinu hizohizo, ila mweka hazina asome mapato na matumizi kila mwezi mbele ya jumuiya, msikitini au kwenye mkutano wa mtaa. Na mfadhili akitokea Novemba na magunia 20, mshukuruni, kisha mwombeni abakize manne na mengine ayageuze kuwa mitungi ya gesi ya kilo 15 na posho ya wapishi hadi Machi.