Naam, gesi nayo huchacha

"Kwani gesi ni maziwa, fundi? Itaoza?"

Hilo ndilo jibu nililopewa nilipoomba mtungi mpya wa gesi ya kalibresheni, yaani gesi ya kipimo kinachojulikana tunayosahihishia mita za kugundua gesi ya sumu. Ule wa zamani muda wake umepita miezi saba, lakini geji bado inasoma robo tatu, na kwa wenye kushika pesa kitu ambacho hakijaisha ni kizima.

Ingekuwa methani ndani ya nitrojeni ningenyamaza. Hiyo hukaa miaka bila kumsumbua mtu. Lakini huu ni wa haidrojeni salfaidi, ile gesi ya mayai viza, sehemu 25 katika milioni. Pigeni hesabu: kwenye mtungi wa lita 58, gesi yenyewe tunayoilipia haijazi hata nusu kijiko cha chai. Yote iliyobaki ni nitrojeni.

Na nusu kijiko hicho kimezungukwa na ukuta. Mliokulia Pwani mnalijua hili bila kwenda chuo. Bibi akifukiza mtungi wa maji kwa ubani asubuhi, maji ya jioni bado yananukia. Ukuta hushika, ukuta hutoa. Mtungi wa gesi ni vivyo hivyo: gesi hujibandika ndani, na ikikuta unyevu, kutu au oksijeni hugeuka kitu kingine, hairudi tena. Ndiyo sababu watengenezaji huchagua alumini, huikausha, huutibu ukuta wake, na wengine huujaza kwanza gesi kali zaidi ili ukuta ushibe, kisha huimwaga na kutia ile inayotakiwa. Kwa lugha ya bibi, wanaufukiza. Na baada ya kazi yote hiyo bado wanaandika tarehe ya mwisho. Wangekuwa wajinga?

Mwaka juzi mita mbili zilisoma 16 mbele ya mtungi ulioandikwa 25. Tukasema vihisio, yaani zile sehemu za mita zinazonusa gesi, vimekufa, tukanunua vipya viwili. Navyo vikagoma. Kijana aliyekuwa kwetu kwa mafunzo akauliza kwa adabu, "Fundi, na kama mtungi ndio mwongo?" Tukafungua mtungi mwingine, tukaokota vihisio vya zamani kwenye boksi la taka: 24, 25. Pesa ya vile viwili ingenunua mtungi na chenji ikabaki.

"Basi iseti tu mita ifike 25," wanasema wenye pesa. Sawa. Ukiiseti kwa gesi iliyopungua, mita itapiga kelele bila sababu, na vijana wa shimo la majitaka wataizima kabla ya saa nne asubuhi. Kuna baya zaidi. Mtungi ukikaribia kuisha, presha hushuka na ukuta huachia ulichokuwa umekishika, gesi ikatoka kali kuliko lebo. Ukiiseti mita hapo, itasoma chini ya ukweli. Na pua haitakuokoa: gesi hii ikifika karibu sehemu 100 katika milioni, pua huacha kuinusa. Halafu mtu ananiambia niukamue mtungi mpaka tone la mwisho, kana kwamba ni chupa ya sosi.

Regyuleta ya shaba ya kupunguzia presha na mpira wa gereji wa kupitishia gesi sitaki hata kuvianza. Navyo hula gesi.

Nakubali, shingo upande, kwamba tarehe ile imewekwa kwa tahadhari. Ipo mitungi itakayoipita kwa mwezi na bado ikawa sawa. Ipi? Geji hupima presha, haipimi kilichomo. Haidrojeni salfaidi ikiisha yote, nitrojeni itaendelea kuusukuma mshale robo tatu vilevile.

Ijumaa niliufunga utepe mwekundu mtungi wetu na kuuweka chini, nyuma ya mlango. Leo asubuhi nimeukuta umerudi kwenye rafu. Utepe hauna.