Bendera ya Mkoa wa Dodoma: Ya Nani Hasa?

Je, Mkoa wa Dodoma uwe na bendera yake? Jirani zetu Kenya walishamaliza mjadala kama huu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inazitaka kaunti zote 47 ziwe na bendera na nembo zake. Kwa nini basi Mkoa wa Dodoma, ambao mji wake uliteuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973 na kupewa hadhi ya jiji 2018, usiwe na yake?

Wanaoitaka wana hoja. Ukiitaja Dodoma, wengi huwaza Bunge tu, kana kwamba wenyeji ni wapangaji wa Serikali. Bendera ingewapa alama yao wenyewe, ya kuvaliwa uwanjani na kubandikwa kwenye chupa za mvinyo wa hapa.

Lakini gavana wa kaunti huchaguliwa kwa kura, na mkuu wetu wa mkoa huteuliwa na Rais. Mkoa ni mkono wa Serikali Kuu, ambayo bendera yake tayari ipo mlingotini. Hata Zanzibar, iliyopata bendera yake ya sasa mwaka 2005, ina Rais wake na Baraza la Wawakilishi. Kwa hili naona wanaoipinga bendera ya mkoa wameshinda.

Kuna tatizo la pili, na hili ndilo gumu: nini kichorwe? Watu wa mjini watataka zabibu, wengine mbuyu, na wapo watakaodai ngoma za Wagogo. Mrangi na Msandawe, nao wa mkoa huu, watauliza wao wako wapi. Kamati ikiogopa lawama, itabandika vyote, na jina la mkoa chini yake. Bendera ya Taifa ya 1964 haina mnyama wala jengo. Ilichukua rangi za Tanganyika na za Zanzibar ikazipanga kwa mshazari, na mtoto wa darasa la kwanza anaichora. Jimbo la Minnesota, Marekani, liliwaachia wananchi walete michoro, ikafika zaidi ya 2,000, na bendera iliyoanza kutumika Mei 2024 ina nyota moja na rangi chache.

Kwa hiyo ningeanzia kwenye halmashauri, ambako madiwani wanawajibika kwa wapiga kura. Jiji lichukue zabibu yake likitaka. Kondoa, nayo ya mkoa huu, ina michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Haina haja ya kugombea nafasi kwenye kitambaa cha mjini.