Kelele za Mlango

Mwalimu wa kuchora alitwambia kila binadamu ana ubunifu wake ndani, kazi ni kuutoa. Ada nilishalipa, basi nikautoa. Nikachora Fort Jesus. Ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na mpaka leo imesimama, kwenye karatasi yangu iliporomoka yote. Mwalimu akainamisha kichwa, akauliza kwa adabu: huyu ng'ombe amelala au anaumwa?

Mimi ni fundi cherehani, Majengo. Ninaloliweza ni moja: mteja akija kuchukua gauni ambalo hata sijalikata, sikosi la kumwambia. Umeme ulipotea. Uzi wa rangi hiyo uko kwenye kontena, kontena liko Kilindini, na Kilindini kuna foleni. Bibi mmoja aliondoka kwangu bila nguo, na dua akaniombea. Lakini hicho nani atakiita kipaji? Mke wangu hukiita tabia.

Idi ikakaribia. Nikaenda Mtaa wa Biashara kumnunulia mama mkwe leso, na kwa vile sasa nilikuwa msanii, nikachagua kisanii: pindo jeusi, mji mweupe wa korosho nyekundu. Nikaikata jozi, nikazipinda mwenyewe, macho kwenye sindano, sindano kwenye pindo. Jina lilipita chini ya mkono wangu kichwa chini miguu juu, wala hatukusalimiana.

Siku ya Idi sebule imejaa mashangazi. Mama mkwe, ambaye akiita mtu Majengo huitika mtu Kuze, akaifungua leso, akavaa miwani, akasoma kwa sauti:

"Kelele za mlango haziniwasi usingizi."

Kaimati ikabaki kinywani mwa shangazi. Mke wangu akatazama dari.

Ulimi ukaanza kazi wenyewe, wala sikuutuma.

"Mama, si ule mlango wako wa uani? Usiku kucha unalia kwiii, kwiii, nawe umenyamaza tu. Nikasema subira ya mama yangu huyu lazima iandikwe kwenye leso! Na leo nimekuja kuutengeneza."

Mashangazi wakasema mashaallah. Mmoja alifuta chozi, wallahi.

"Ahsante, baba," mama mkwe akasema. "Bisibisi iko juu ya friji."

"Sasa hivi, mama? Na kanzu hii nyeupe?"

"Vua."

Nikafungua bawaba ya juu. Mlango wenyewe wa mvule, wa tangu enzi za babu yake. Haukungoja bawaba ya pili. Ulikuja mzima mzima, ukanipitia begani, ukatua juu ya sufuria ya biriani iliyokuwa ikipoa uani.

Mama mkwe akatoka. Akautazama mlango, akautazama mchele ukutani, akajifunga leso mpya kiunoni, akavuta kiti akakaa.

"Haya, baba," akasema. "Na hili nalo lina maana gani?"