Matonge imejengwa na wasusi

Ukishuka metro ya Porte de Namur, Brussels, Jumamosi mchana, ukaikamata Chaussée de Wavre, barabara ya mtaa wa Matonge, utadhani Wakongo wote wa Ubelgiji wanakaa pale. Wapi! Wengi unaopishana nao wametoka pande nyingine za jiji, na wengine miji mingine kabisa. Wamefuata kusuka, sombe (kisamvu), makayabu (samaki wa chumvi) na kutuma pesa nyumbani; jioni kila mtu anarudi kwake. Matonge, uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa, unachangamshwa na watu ambao wengi wao hawalali humo.

Ndiyo maana naona tunakosea tunapoutetea kwa kuhesabu wakazi wake. Swali ni nani anayewafanya watu wa mbali wapande treni kuja hapa, wakati unga wa muhogo siku hizi unapatikana sehemu nyingi. Jibu langu: ni wale wanaowatunza wakifika, na wengi wao ni wanawake wenye kitana mkononi.

Mtaa wenyewe ulianza hivyo hivyo. Karibu na wakati wa uhuru wa Kongo, ilifunguliwa Maison Africaine, ambayo wengi huiita Maisaf, hosteli ya wanafunzi waliotoka Kongo. Kijana aliye mbali na mama yake anatafuta chakula anachokijua, mtu wa kumnyoa bila kumharibu, na mahali pa kusikia habari za nyumbani. Maduka yakafuata, yakajazana kwenye Galerie d'Ixelles. Hakuna ofisi iliyokaa ikapanga kwamba hapa pawe mtaa wa Waafrika.

Ingia saluni yoyote mle ndani uone kazi inavyokwenda. Mara ya kwanza nilipita nikitetemeka mwezi wa Januari, msusi mmoja akanisikia naongea Kiswahili kwenye simu. "Dada, mi ni wa Uvira. Ingia, baridi itakuua." Sikuwa na mpango wa kusuka. Nilikaa saa nzima, na hakuna aliyeniuliza nanunua nini. Pembeni yangu mtoto wa mteja alikuwa amelala juu ya mifuko ya rasta, mama yake kaenda kulipia chumba. Mzee mmoja akaleta barua ya manispaa iliyoandikwa Kiholanzi. Binti aliyekuwa katikati ya kusukwa akaisoma kwa sauti, kichwa kimeinamishwa, akamweleza siku ya miadi na karatasi za kubeba. Kwenye kioo palibandikwa tangazo la msiba, picha ya marehemu na namba ya akaunti ya michango. Kusafirisha mwili mpaka Kongo si pesa ya mtu mmoja, kwa hiyo mchango unaanzia pale, kati ya kichwa kimoja na kingine.

Kwenye leseni, mahali hapo ni saluni tu. Ukipaangalia kwa makini, ni chumba cha watoto, ofisi ya ushauri na kamati ya mazishi, vyote kwa kodi ya fremu moja.

Lakini tusiwapambe wasusi hawa kama malaika. Umbea upo, tena wa daraja la kwanza: ukiachika Jumatatu, Jumatano mpaka mji wa Liège wanajua. Zaidi ya hapo, kazi hii ya kutunza hailipwi. Yule msusi analipwa kwa kichwa. Saa aliyotumia kumtuliza mtoto wa mwenzie haiingii popote. Serikali ikisifia mshikamano wa Waafrika, mimi huwa najiuliza kama haifurahii tu kwamba kuna akina mama wanaofanya kazi yake bure.

Na sifa hazikosekani. Kuna mchoro mkubwa wa Chéri Samba, mchoraji wa Kongo, uliowahi kukaribisha watu pale Porte de Namur. Jirani kabisa, tarehe 30 Juni 2018, uwanja ulipewa jina la Patrice Lumumba, baada ya wanaharakati kupigania jambo hilo kwa miaka mingi. Nilifurahi, na bado nafurahi nikipita. Ila jina la uwanja halilipi kodi ya pango. Bunge la Ulaya liko umbali wa kutembea kwa miguu, watu wenye mishahara mizuri wanatafuta nyumba, na mwenye jengo anajua hesabu. Mtaa unaweza kabisa kubaki na vitenge dirishani na mgahawa mmoja wa samaki wa kukaanga kwa ajili ya wageni, huku wasusi wameshasukumwa pembezoni mwa jiji.

Kwa hiyo manispaa ikisema inataka kuhifadhi Matonge, ningeiambia iache kwanza sherehe. Itafute namna ya kuwapa wenye saluni mikataba mirefu ya pango. Ikae chini na wasusi, iwaulize wanahitaji nini kwa ajili ya wale watoto wa Jumamosi, na iwalipe muda wao wa mkutano, maana kila saa ya kikao ni kichwa kilichoondoka bila kusukwa. Likiwa hilo ni zito, basi ianze na mabenchi na choo cha umma, ili mzee mwenye barua yake asilazimike kuagiza bia ndipo apate kujisaidia.