Nyumba Mpya? Acha Kwanza Inyeshewe

Dalali akisema "mpya kabisa, haijawahi kukaliwa na mtu," wengi hutoa kodi ya miezi sita siku hiyo hiyo, tena wakiharakisha asije mwingine akawawahi. Mimi maneno hayo yananitia mashaka. Nimeishi katika nyumba tatu za umri tofauti, na iliyonitesa kuliko zote ndiyo ilikuwa changa kuliko zote.

Nianze na kongwe. Utotoni, shule zikifungwa, tulivuka bahari kwenda Unguja kwa shangazi. Aliishi Mji Mkongwe, nyumba ya ghorofa mbili ya mawe na chokaa. Kwa wasioujua ujenzi ule: kuta ni za mawe ya matumbawe, unene wake kama nusu mita, na sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, na mkoko hautoi boriti ndefu ya kuvuka sebule za siku hizi. Ndiyo maana vyumba vile ni vyembamba na virefu kama behewa. Lakini saa nane mchana, mwezi wa pili, jua la nje linapasua utosi, sisi tulilala ndani juu ya mkeka bila feni wala jasho. Sijapata usingizi kama ule katika nyumba nyingine yoyote.

Sasa mateso yake. Ukiegemea ukuta na kanzu nyeusi unaondoka mweupe mgongo mzima. Ngazi zimesimama kiasi kwamba shangazi, magoti yalipoanza kumsumbua, alikuwa akishuka kwa kukaa. Na bafu la juu, lililopachikwa miaka mingi baada ya nyumba kujengwa, lilikuwa linavujia ndani ya ukuta kimyakimya. Boriti huoza kwenye ncha, pale inapoingia ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Unakuja kugundua sakafu imeanza kubonyea.

Ukaletwa ukarabati. Fundi akachubua chokaa yote, akapiga plasta safi ya saruji, nyumba ikang'aa. Haikupita miaka miwili ukuta ukaanza kutoa chumvi, kisha plasta ikabanduka vipande vizima vizima na kuondoka na mawe yake. Chokaa hupumua, unyevu unaoingia ukutani unapata pa kutokea. Saruji inaufungia ndani. Shangazi alisema wamemvalisha koti la mvua mtu mwenye homa.

Watu wakiona nyumba za namna hii zinaanguka husema ni uzee. Sikubali. Kilichoilaza nyumba ya shangazi ni urithi: warithi kumi na watatu, kila mmoja na sehemu yake, hakuna aliye tayari kutoa hela ya chokaa kwa chumba cha mwenzake. Ukipita vichochoro vya Mji Mkongwe na kuona jengo linaota mti ukutani, uliza kwanza lina wenyewe wangapi. Hata hivyo sitaki kulipamba jambo hili. Beit el-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katikati ya ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Tena ndani ya mji ambao umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Nyumba kongwe haitaki utani.

Nyumba ya pili ilikuwa Ilala, Dar es Salaam, ile tunayoiita nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, kibaraza mbele, jiko, choo na bafu uani. Nilipanga chumba kimoja. Kuta za vyumba hazikufika kwenye bati na dari haikuwapo, kwa hiyo ugomvi wa jirani ulikuwa wako na redio yake pia. LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla, familia sita. Hapo sihitaji kueleza zaidi. Kilichonitisha hasa ni nyaya. Zilivutwa zamani kwa ajili ya taa moja kila chumba, sasa zinabeba friji, pasi na jiko la umeme kupitia soketi moja. Usiku mmoja tuliamshwa na harufu ya plastiki inayoungua, tukamwagana nje na vitanda vyetu. Lakini ilikuwa nyumba ambayo fundi yeyote wa mtaani anaijua. Bati likitoboka linabadilishwa hilo hilo moja. Mbao ikiliwa na mchwa unaiona.

Nyumba hizo zinamalizika, hasa Kariakoo, kwa sababu kiwanja kina thamani kuliko kilichosimama juu yake. Zinapanda ghorofa. Na anayedhani upya ni usalama akumbuke Mtaa wa Indira Gandhi, Machi 2013: jengo la ghorofa 16 lililokuwa bado linajengwa liliporomoka na kuua watu 36. Halikupata hata muda wa kuzeeka.

Ya tatu ndiyo iliyonifundisha. Goba, mlimani, nyumba mpya, mimi ndiye mpangaji wa kwanza. Marumaru zinateleza kwa kung'aa, dari ya jipsamu yenye taa za kujificha, madirisha ya aluminiamu. Nililala wiki ya kwanza kama bwana harusi. Kisha nikagundua kwamba dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu, nusu nyingine imekaa pale inaangalia. Kuta za tofali moja zinapikwa na jua mchana na kutugeukia usiku. Nikanunua kiyoyozi, LUKU ikaanza kula kama mtoto wa bweni.

Masika ikaja. Paa lilikuwa la ile mitindo ya siku hizi, bati limefichwa nyuma ya ukuta ili nyumba ionekane boksi. Mfereji wa ndani ukaziba majani, na maji yakikosa pa kwenda nje huingia sebuleni. Jipsamu ikachora ramani ya Ziwa Victoria, ikavimba, ikashuka juu ya kochi. Mbao za paa, kumbe zilipigwa mbichi, zikajikunja zilipokauka. Mwenye nyumba alikuwa mbali, na mdogo wake alikuwa na jibu moja: "Vumilia kaka, nyumba bado inakaa sawa." Inakaa sawa juu ya kochi langu!

Nakiri, choo cha ndani na maji ya tanki si vitu vidogo, na mama alipokuja kunitembelea alisema hatarudi tena kwenye nyumba yenye choo cha uani. Kwa mzee, mpya inashinda. Kwa wengine wetu, naomba nyumba iliyokwisha kunyeshewa masika kumi au ishirini. Kama zile za Sinza, kwenye viwanja vilivyopimwa miaka ya 1970: kasoro zake zimeshatoka zote nje, na zilizokuwa za kuzibwa zimezibwa kwa hela ya mtu mwingine. Na nikienda kuangalia nyumba siku hizi sitazami jiko. Natazama pembe za dari, nagonga marumaru nisikie kama chini kuna uwazi, kisha natoka kumsalimia jirani. Rangi ikinuka upya kwenye ukuta mmoja tu, namwuliza dalali kilichokuwa pale.

Ijumaa iliyopita kanipigia. "Bosi, nimepata kitu Madale, mpya, bado ina karatasi kwenye milango." Nikamwambia nitakuja kuiona mwezi wa nne, mvua ikiwa inanyesha.

"Mwezi wa nne itakuwa imeshachukuliwa."

"Sawa. Huyo atakayeichukua akihama, nipigie."